Mgonjwa wa Keroka ni wa Nani?

Mji wa Keroka, ulio kwenye barabara ya kutoka Kisii kuelekea Sotik, umekaa juu ya mpaka. Upande mmoja ni Kaunti ya Kisii, upande wa pili ni Kaunti ya Nyamira, na kaunti hizo mbili zimevutana kwa miaka juu ya nani mwenye haki ya kutoza ushuru wa soko. Wauza ndizi na wauza mboga hupanga bidhaa zao pande zote, na mnunuzi huvuka mpaka mara kadhaa kabla kikapu hakijajaa. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeletwa huku bara na ndoa, yapata miaka kumi na mmoja sasa, na habari za ushuru hazikuwahi kuninyima usingizi. Lililonikaa moyoni ni swali jingine: mtu akianguka kwa kiharusi katikati ya soko lile, huyo ni mgonjwa wa nani?

Mpaka wenyewe si wa kale. Nyamira ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisii hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na kaunti tulizo nazo leo zilianza kazi mwaka 2013. Watu ni wamoja, lugha yao ni moja, Ekegusii, na kwa kuwa desturi yao hairuhusu kuoana ndani ya ukoo, ni nadra kupata nyumba isiyokuwa na shangazi au binti aliyeolewa ng'ambo ya pili. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Ila huduma za afya, kwa Katiba ya 2010, ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo kila upande una idara yake, bajeti yake na madaftari yake.

Mama mkwe wangu aliangukia upande wa Nyamira. Mume wangu alisilimu kabla hatujaoana, lakini mamake ni Muadventista wa tangu utotoni, na sijapata kuona mtu anayeheshimu swala yangu kama yeye. Siku hiyo alikuwa akiuza mgagani, ambao huku huitwa chinsaga. Mwenzake aliyekuwa akiuza mnavu kando yake aliona mdomo umevutwa upande mmoja na fungu la mboga likimponyoka mkono wa kulia. Akapakiwa kwenye bodaboda hadi zahanati, kutoka hapo akapelekwa hospitali kubwa kidogo, na kutoka hapo akavushwa mpaka kwenda kupigwa picha ya skani ya kichwa. Vituo hivyo sitavitaja, kwani katika kila kimoja nilikuta watu waliochoka wakifanya kazi yao.

Lakini tazameni yaliyotokea kwenye madaftari. Zahanati ilimwandika kwa jina la ubatizo, alilolitoa muuza mnavu. Hospitali ya pili ilimwandika kwa jina la mumewe marehemu, alilolitoa shemeji yangu. Ya tatu ikamwandika kwa jina lake la kuzaliwa, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Wanawake watatu, katika vitabu vitatu, na mgonjwa mmoja kitandani. Wifi yangu mdogo naye alikuwa akimlilia karani mgeni, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika, kwamba "baba" amepooza. Kwa Ekegusii "baba" ni mama. Karani, ambaye kwao ni kwingine, akanyanyua macho akauliza huyo mzee mwanamume yuko wapi. Leo tunalicheka jambo hilo. Siku ile halikuchekesha.

Kisha daktari akauliza swali ambalo sikulielewa uzito wake hadi baadaye: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Katika sisi wote tuliosimama pale, hakuna aliyejua. Aliyejua alikuwa amebaki sokoni. Nilimpigia simu, naye akanijibu kwamba watoto wa shule walikuwa ndio wametoka kwenda kula chakula cha mchana. Ikawa ni kama saa saba. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya mshipa wa ubongo, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya skani kuhakikisha kwamba ubongo hauvuji damu, maana aliyevuja akipewa dawa hiyo atazidi kuangamia. Sisi tulifika penye skani jua limeshazama.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma kila nikipatacho kuhusu kiharusi, na nimegundua kwamba saa ile iliyohifadhiwa kichwani mwa muuza mnavu ni mali kubwa kwa watafiti kama ilivyo kwa matabibu. Tafiti nyingi za matibabu ya kiharusi humpokea mgonjwa ikiwa tu saa ya kuanza kwake inajulikana. Mgonjwa asiye na saa hana nafasi. Na mgonjwa aliyeandikwa kwa majina matatu ama atahesabiwa mara tatu, ama atapotea kabisa njiani kati ya kituo na kituo. Hapa Kenya watafiti wamewahi kufuatilia wagonjwa wa kiharusi katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na Hospitali ya Moi, Eldoret. Ni kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo, anayefika kwenye milango mikubwa kama hiyo ni yule aliyepata nauli, aliyepata gari, na aliyepata ndugu wa kusema twende. Wengine wako wapi?

Walioliuliza swali hili kwa dhati walikuwa majirani zetu wa Tanzania. Kuanzia Juni 2003, kwa muda wa miaka mitatu, watafiti walihesabu kila kiharusi kilichotokea katika sehemu mbili: wilaya ya Hai huko Kilimanjaro, yenye watu wapatao 160,000 waliokuwa wakifuatiliwa, na mitaa ya Dar es Salaam yenye watu zaidi ya 56,000. Hawakukaa hospitalini wakingoja. Walitegemea watu wa vijijini na mitaani waliokwisha kuzoea kuzunguka nyumba kwa nyumba kuhesabu wakazi, wakishirikiana na hospitali na zahanati za karibu; habari ya mtu aliyepooza ikifika, mgonjwa alifuatwa. Walipata viharusi 453 Hai na 183 Dar es Salaam. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2010, na hesabu kusawazishwa kwa umri, Hai ilikuwa na viharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam ilikuwa na 315.9. Karibu mara tatu! Na huo ni mji wa pwani kama wetu, wenye vyakula kama vyetu, na presha zisizopimwa kama zetu.

Jambo moja katika kazi ya Hai na Dar es Salaam linatugusa sisi Waislamu kipekee. Waliokufa nyumbani kabla ya kufika popote nao walihesabiwa, kwa njia ya mahojiano na wafiwa. Mhojaji huja baada ya mazishi, akaketi na waliomuuguza marehemu, akauliza: alianza vipi, upande gani ulilegea, alisema au alinyamaza, ilichukua siku ngapi. Maiti haguswi, wala maziko hayacheleweshwi hata saa moja. Sisi humzika mtu wetu siku ileile, na hilo ni katika kumkirimu. Lakini aliyeanguka alfajiri akazikwa baada ya alasiri, bila kupita hospitali, kwa hesabu za daktari ni kama hakuugua. Habari zake zimebaki kwa mkewe aliye edani, au kwa binti aliyemshika kichwa. Hapo atahitajika mhojaji mwanamke, mwenye adabu ya kuingia nyumba ya msiba.

Unguja nako, kati ya 2018 na 2019, wagonjwa wa kiharusi waliofikishwa katika hospitali za kisiwa waliandikwa na kufuatiliwa. Kisiwa kina faida yake: bahari ndiyo mpaka, na mgonjwa hana pa kupotelea. Huku milimani mambo si hivyo.

Wamarekani, pamoja na fedha na mashine zao, walikiri kwamba hospitali moja haitoshi. Mwaka 2013 Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo ziliunda mtandao uitwao StrokeNet, wenye vituo 25 vya kanda, kila kituo kikiwa na hospitali nyingine zinazokizunguka. Hospitali moja peke yake ingeweza kungoja miaka kupata wagonjwa wa kutosha wa aina inayotafutwa. Zikiungana, kazi huenda. Tena badala ya kila hospitali kuwa na kamati yake ya maadili inayosoma karatasi zilezile upya, waliweka kamati moja kwa wote. Nilipoyasoma hayo nilifikiri juu ya Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, inayopokea wagonjwa kutoka Kisii yenyewe, Nyamira, na sehemu za Migori, Homa Bay na Narok. Kanda tayari ipo. Wagonjwa wameiunda kwa miguu yao na kwa bodaboda, bila kungoja mkutano wa magavana.

Kwa mtazamo wangu, kinachokosekana ni vitu vidogo kuliko tunavyodhani. Namba moja ya mgonjwa inayokubaliwa pande zote mbili za Keroka. Muuguzi mmoja katika kila hospitali mwenye simu ya mwenzake wa ng'ambo, ambaye akimtuma mgonjwa hutuma pia saa aliyoanguka na majina yake yote. Mtu wa kuuliza maswali kwa Ekegusii, anayejua "baba" ni nani. Na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa nchini kote Septemba 2023 na kupewa mikoba yenye vipimo vya presha, wengi wao wanawake ninaokutana nao vichochoroni kila siku, wafundishwe kutambua kiharusi na wapewe mahali pa kupeleka habari hiyo. Ushindani wa kaunti na kaunti juu ya nani ataweka jina lake mbele kwenye ripoti sina la kuusemea, ila naomba usimguse mgonjwa.

Sasa nije kwenye idhini, kwa maana hapa ndipo akina mama wengi mtakapokutwa. Mgonjwa wa kiharusi aghalabu hawezi kusema, kwa hiyo fomu ya ridhaa huletwa kwa jamaa. Desturi ya huku, kama ya kwetu, humtafuta mwanamume mkubwa wa nyumba. Hayo yana heshima yake. Lakini tafiti nyingi humrejelea mgonjwa baada ya siku 90, kutazama kama anatembea, kama anajilisha, kama anajiosha. Atakayempeleka ni nani? Ni yule anayemgeuza kitandani usiku. Akitiwa saini bila yeye kushauriwa, siku ya tisini mgonjwa hatafika, na utafiti utamwandika kuwa amepotea, ilhali yuko nyumbani amekosa tu nauli. Basi mashauriano tuliyoamrishwa yaanze chumbani kwa mgonjwa, na kila mwenye kumhudumia aulizwe.

Tena mna haki ya kuuliza. Damu itakayotolewa itapelekwa wapi, na itawekwa kwa muda gani? Nani atalipa nauli? Mgonjwa atafunuliwa mbele ya nani? Tukijitoa katikati, matibabu yake ya kawaida yataendelea? Mtafiti mwaminifu hujibu bila kukunja uso, na jibu la swali la mwisho halina budi kuwa ndiyo. Asiyejibu, mrudishieni karatasi yake. Kukataa si dhambi. Ila kukataa kwa sababu jirani amesema Wazungu wanauza damu, bila kuuliza lolote, ni kumnyima haki mgonjwa wa kesho ambaye huenda akawa mwanao.

Na liko la mwisho, ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Mtu aliyelala akisema akaamka bubu, nusu ya mwili imekufa, watu hutafuta aliyemfanya hivyo. Kwetu pwani husema jini, au upepo mbaya, au mkono wa mtu. Huku nako hutafutwa mchawi, na mchawi huyo ana umri na jinsia: ni bibi kizee, mjane, anayekaa peke yake. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Kilifi tumewazika wazee wangapi kwa tuhuma hizohizo? Sisemi kwamba daftari la viharusi lingemzuia mwenye panga. Nasema kwamba kijiji kinachojua kuwa mwaka huu watu kadhaa wameanguka, na wengi wao presha ilikuwa juu bila kupimwa, kina jibu la kutoa pale kijana anapoanza kuuliza ni nani amemroga mamake.

Mama mkwe sasa anatembea kwa mkongojo. Maneno yamerudi, ingawa yakichelewa hukasirika na kuyamalizia kwa mkono wa kushoto. Kila mwezi huja binti wa jirani, mhamasishaji wa afya, akamfunga kipimo cha presha mkononi na kuandika namba kwenye daftari lake. Mara ya kwanza alimwuliza jina. Mama mkwe akayataja yote matatu, polepole, na yule binti akayaandika yote matatu kwenye mstari mmoja.