Kisiwa Kidogo

Sisi wa Dodoma hatuna habari nyingi za visiwa. Bahari iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na maji mengi tuliyoyazoea ni ya bwawa baada ya masika. Kwa hiyo nilipoanza Kigiriki katika chuo cha theolojia, neno nesos, yaani kisiwa, nililikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki cha watu wa kawaida, kile kilichosemwa sokoni na bandarini. Luka anatumia nesos kwa Kipro na Melita, na Yohana kwa Patmo. Lakini katika Matendo 27:16, meli ya Paulo inapopita karibu na Kauda, Luka anaandika nesion, kisiwa kidogo. Neno hilo halipo mahali pengine popote katika Agano Jipya.

Hata hivyo, neno dogo ndilo lililodumu. Mgiriki wa leo husema nisi, neno lililotokana na nesion. Kiswahili nacho kimepita njia hiyo hiyo. Wazee walisema siwa kwa kisiwa kikubwa; leo hata Madagaska tunaiita kisiwa. Na masikioni mwetu nisi husikika kama mwanzo wa sala: nisizame, nisiangamie.

Kauda ilifanya nini? Haikuwa bandari. Watu 276 waliokuwamo melini hawakushuka pale, wala tufani haikukoma. Kisiwa kile kilikinga upepo kwa kitambo kidogo, na katika kitambo hicho mabaharia waliipandisha mashua kwa shida, wakaifunga meli kwa kamba isivunjike. Kisha upepo ukawachukua tena. Ulipofika usiku wa kumi na nne walikuwa bado baharini, ndipo baadaye wakafika Melita, wote salama.

Mama mmoja wa usharika wetu alimuuguza mwanawe kwa miezi mingi. Siku moja nilifika na Biblia yangu na maneno niliyoyaandaa. Akaniambia, "Mchungaji, leo usihubiri. Kaa na mwanangu, nipate kulala kidogo." Nikakaa. Akalala saa moja, mimi nikimpungia kijana upepo kwa kipande cha boksi.

Kijana yule alifariki kabla ya mavuno. Baada ya matanga mama alinishukuru, na hakutaja ibada ya mazishi wala mahubiri yake. Alitaja ile saa moja. "Ningeanguka siku ile," alisema.

Tukitazama uwanda wetu wa kati, tunaona vilima vya mawe vilivyosimama peke yake katikati ya nchi tambarare. Mwaka 1900 mtaalamu wa miamba Mjerumani, Wilhelm Bornhardt, akiandika juu ya nchi yetu, aliviita vilima vya namna hiyo Inselberg, yaani mlima-kisiwa. Kumbe visiwa tunavyo. Mchunga ng'ombe anavijua: jua likiwa kali, hukaa upande wenye kivuli mpaka apate nguvu ya kuendelea. Jua halipungui kwa ajili yake, lakini anafika nyumbani. Nabii Isaya, katika sura ya 32, anasema mtu anaweza kuwa hivyo kwa wenzake, mahali pa kujificha na upepo, kivuli cha mwamba mkubwa.

Ndugu zangu, wengi wetu huogopa kwenda kwa mwenye msiba kwa sababu hatuna jibu. Bandari ni Kristo mwenyewe, na hakututuma tuchukue nafasi yake. Kwa jirani yako aliye katika tufani, debe la maji, uji wa mgonjwa au saa moja ya kumlindia mtoto inatosha kuwa Kauda. Nenda hata kama huna la kusema. Ataifunga meli yake, na Bwana atamfikisha.