Kijiji Kilichonyamaza

Nilipoitazama mara ya kwanza, kidato cha sita, niliona ni katuni tu ya zamani, michoro inakwamakwama. Likizo hii nimeirudia nikiwa nyumbani Mwika, na bando langu halikuenda bure.

Wadau wa Doctor Who wanaijua historia. Tamthilia hiyo ya BBC ilianza Novemba 1963, ikasimama 1989, na ukiacha filamu moja ya 1996, runinga ilikaa bila Daktari mpya miaka mingi. Mwaka 2003, ilipotimiza miaka 40, BBC waliweka kwenye tovuti yao katuni ya sehemu sita, Scream of the Shalka, iliyoandikwa na Paul Cornell. Sauti ya Daktari ni ya Richard E. Grant, mzaliwa wa Eswatini. Lakini kabla haijaanza kuonyeshwa, ikatangazwa kuwa tamthilia yenyewe inarudi kwenye runinga. Daktari wa katuni akawekwa pembeni. Wengi wanamkumbuka kwa mkosi huo tu, na hapo wanakosa uhondo.

Daktari anatua Lannet, kijiji cha Uingereza. Hakuna muziki, hakuna anayepaza sauti, hata baa imepoa. Chini ya ardhi, kwenye mwamba wa moto, wamejificha Shalka, viumbe kama minyoo mikubwa, na wanakijiji wanaogopa kupiga kelele. Anayethubutu kuzungumza naye ni Alison, mhudumu wa baa, kwa sauti ya Sophie Okonedo.

Sisi tunaoishi kwenye mteremko wa volkano iliyolala tunaweza kucheka habari za madude ya chini ya mwamba. Ila ule ukimya naufahamu. Niliukuta kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha kwanza, shule moja ya kata. Watoto wamesoma msingi kwa Kiswahili miaka saba. Njiani, kwenye migomba, wanabishana mpaka unacheka. Ukiwauliza swali kwa Kiingereza, darasa linakuwa Lannet: macho chini, kalamu mdomoni. Atakayekutwa anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni. Mgeni akipita atasema, hawa wana nidhamu. Kumbe ni woga.

Daktari haanzi na silaha. Anaanza kwa kuuliza kwa nini watu wako kimya. Na mwisho wa hadithi, sauti ileile iliyoogopwa ndiyo inayowashinda Shalka.

Mimi niliwapa dakika tano wajadiliane kwa Kiswahili, wawili wawili, ndipo wajibu kwa Kiingereza. Kelele zilipanda mpaka mwalimu wa jirani akachungulia dirishani. Majibu yalikuwa na makosa, lakini mikono ilikuwa juu.

Wanachuo wenzangu wa ualimu, karibuni tutakabidhiwa madarasa. Ukikuta darasa limetulia tuli, usifurahi haraka. Uliza kwanza wanaogopa nini.