Kipande cha Shaba

Katika droo ya meza yangu kuna kipande cha shaba chenye urefu wa kidole gumba, kimebanwa katikati na kina donge jeusi ubavuni. Wageni hudhani ni takataka.

Mwaka 1994 nilikuwa nikijifunza ufundi wa majokofu kwa mjomba wangu mjini Tanga. Siku moja alinituma peke yangu kubadilisha kompresa ya jokofu la mama mmoja muuza samaki. Mdomo wa kompresa mpya ulikuwa wa inchi 3/8, na paipu ya zamani ilikuwa ya inchi 1/2. Hapo hutiwa rediusa, yaani kiungo kidogo cha shaba chenye mdomo mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kila mdomo huikumbatia paipu yake, ikabaki nafasi nyembamba kama unywele. Fundi husugua kwa msasa, hupasha moto paipu na kiungo, kisha hugusisha fimbo ya kulehemu. Ikiyeyuka, huvutwa ndani ya nafasi ile ikifuata joto, hata kwa kupanda juu. Nafasi ikiwa pana, haivutwi. Hurundikana nje tu.

Sikuwa na rediusa. Duka lilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Nikachukua koleo, nikaibana paipu kubwa juu ya ile ndogo, nikajaza donge. Nikatia gesi, nikapaka povu la sabuni, sikuona kipovu hata kimoja. Nikapokea pesa.

Siku ya nne mama yule alikuja karakanani. Mtikisiko wa kompresa ulikuwa umelipasua lile donge, gesi ikaisha usiku, na nguru wake wakaoza. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mtaji ule ulikuwa wa mkopo. Mjomba akanitazama. Nami nikasema, "Labda ni umeme."

Mjomba hakunijibu. Alikwenda, akakikata kile kiungo, akatia rediusa, akamlipa mama yule samaki wake kutoka mfukoni mwake. Jioni aliniwekea kipande hiki kiganjani.

"Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tulivyoitana, "rediusa ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Na samaki?"

Sikuwa na la kusema.

Deni lile nilimlipa mjomba kidogo kidogo, likaisha. Lakini neno langu la umeme sikulirudisha. Kila nilipompita mama yule sokoni nilijiambia, kesho nitamwambia. Akafariki kabla ya kesho hiyo kufika.

Sasa nina wanafunzi wangu. Kila anayeanza kazi humpa kipande hiki akishike kwanza, kisha humsimulia habari yote, pamoja na lile neno la umeme. Ndipo humkabidhi tochi ya gesi.