Ngazi za Port Louis

Ukitoka Soko Kuu la Port Louis, Morisi, kwa miguu, Aapravasi Ghat unaweza kuipita usiijue. Ni kuta za mawe meusi ya volkano, nyingine zimebaki nusu, na magari ya barabara kuu yananguruma ubavuni. Watu huja kuona ngazi: vidato vichache tu, mtoto angevipanda kwa mbio.

Waingereza walijenga kituo hiki cha kupokelea vibarua wahamiaji mwaka 1849. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Morisi mwaka 1835. Wenye mashamba wakalipwa fidia, walioyalima hawakuambulia kitu. Miwa ikahitaji mikono mingine. Kati ya 1834 na 1920 karibu watu nusu milioni, wengi mno wakiwa Wahindi, waliletwa kisiwani kwa mkataba, na tangu kituo kijengwe wakawa wanashukia hapa. Walilala siku mbili tatu, wakaandikishwa, wakagawiwa mashambani.

Kwenye kituo cha wageni nilisimama sana mbele ya kumbukumbu za uandikishaji. Kila mtu na namba yake, jina, jina la baba, kijiji, kimo, kovu mwilini. Baadaye wakaongeza na picha. Karani hakuandika kwa mapenzi. Tajiri alitaka amjue kibarua atakayetoroka. Lakini daftari hilo la kubania watu limewafaa wajukuu: leo mtu huenda Moka, Taasisi ya Mahatma Gandhi, akatafutiwa meli iliyomleta babu yake na kijiji alikotoka.

Njaa ikanitoa nje. Muuzaji wa dholl puri, mama mwenye asili ya Kihindi, alichukua mbili kwa pamoja, laini kuliko chapati zetu, zina dengu ya kusaga ndani. Akapaka mchuzi wa maharage, rojo la nyanya, pilipili, akazikunja kwenye karatasi kabla sijamaliza kuhesabu rupia. Bei alinitajia kwa Krioli, lugha waliyoifinyanga watumwa kutokana na Kifaransa cha mabwana zao. Wahindi waliikuta hapa, wakaichukua.

Na hao walioifinyanga wako wapi? Hatua chache kutoka kwenye ngazi kuna hospitali ya kijeshi ya zamani ya Wafaransa, ambayo mwaka 2023 ilifunguliwa kuwa makumbusho ya utumwa. Humo unasoma habari za watu wa Madagaska, wa Msumbiji, wa mwambao wetu. Majina waliyopewa na wazazi wao yaliyobaki ni machache mno. Waliofika walibatizwa upya, wakahesabiwa pamoja na ng'ombe wa shamba. Mjukuu wao hana Moka ya kwenda. Ana muziki wa sega, na ravanne, ngoma ya ngozi ya mbuzi inayoota moto kwanza ndipo ipigwe. Mswahili hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mtu wa pwani huingia humo tayari kuwalaumu Wafaransa, na wanastahili. Ila kuna karatasi ya mwaka 1776. Mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alifunga mkataba na Sultani Hasan wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kichwa, na piasta mbili za zawadi kwa sultani kwa kila mmoja. Muda wa mkataba, miaka 100. Wateja walikuwa visiwani huku, Morisi ikiwa bado inaitwa Île de France. Waliouzwa walitolewa bara, wakashushwa pwani kwa miguu, na aliyewapokea Kilwa alikuwa mwenyeji, Mwislamu kama wengi wa mji ule, mwenye nasaba ya Kishirazi aliyojivunia katika karatasi hiyohiyo.

Kilwa Kisiwani nimetembezwa. Nimeonyeshwa jumba la Husuni Kubwa, nimeonyeshwa kuba za msikiti mkuu, nimesimuliwa dhahabu ya Sofala na ukatili wa Wareno wa mwaka 1505. Mkataba wa Morice hakuna aliyenitajia, na mwenyeji wangu, nilipomuuliza, aliniambia watalii hawapendi habari hizo. Watalii wenyewe siku ile tulikuwa Watanzania watupu.