Sura Yake Ilibaki Getini

Wasee, kuna picha moja niliyopiga nikiwa kidato cha pili ambayo sijawahi kuweka kwa ukurasa wangu, na sitaiweka. Lakini kama mwaka wa 2021 ulikuwa unapita na matatu mbele ya shule yetu, uliiona. Ilikuwa kwa bango kubwa kando ya geti. Kijana amevaa jezi ya kijani, ameruka, mpira wa vikapu uko kwa vidole, anacheka meno yote nje. Chini yake wameandika: NAFASI BADO ZIPO. KARIBUNI.

Huyo kijana tulikuwa tunakaa naye deski moja. Na siku ninayotaka kuwaambia, alikuwa amesimama chini ya hilo bango, begi mgongoni, na soja amemwambia hawezi kuingia.

Ngoja nianze mwanzo, ndio msinihukumu mapema. Mtanihukumu baadaye, sababu ipo.

Nilisoma shule ya kibinafsi. Najua mkisikia hivyo mnasema, "Huyo ni babi, ana shida gani?" Tulia kwanza. Kuna shule za kibinafsi zenye bwawa la kuogelea na farasi, na kuna zile ghorofa nne zilizobanwa kati ya duka la vifaa vya ujenzi na kanisa. Yetu ilikuwa ya pili. Wazazi walikuwa watu wa kawaida: muuguzi, fundi, mwenye kinyozi, mama wa nguo Gikomba, dereva wa lori. Walitupeleka pale kwa sababu madarasa yalikuwa madogo, walimu walikujua kwa jina, na kila mzazi alikuwa ameambiwa na mzazi mwingine kwamba pale watoto wanapita. Karo ilitoka kwa chama, kwa mkopo wa sako, na kwa ng'ombe wa ocha aliyeuzwa bila kupenda.

Mimi nilikuwa klabu ya uanahabari. Tulikuwa tisa, na kamera moja ya shule ambayo betri yake ilikuwa na hasira. Kazi yetu ilikuwa kusoma habari paredi Jumatatu na Ijumaa, kubandika karatasi kwa ubao wa habari nje ya bwalo, na kupiga picha za ukurasa wa Facebook wa shule. Mlezi wetu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Angesoma nilivyoandika "kwa bango" hapo juu angenikata alama na kuuliza, "Kwa bango, au kwenye bango?" Samahani mwalimu. Huku ndiko tunaongea hivi.

Sasa, unajua habari za shule ni gani? Tumeshinda. Tumetembelewa. Tumenunua basi. Wastani wa KCSE umepanda. Hizo ndizo habari. Mwalimu wa hesabu akipata kazi ya TSC katikati ya muhula na kuondoka Ijumaa bila kuaga, hiyo si habari. Mpishi aliyekupakulia githeri tangu kidato cha kwanza akipotea, si habari. Mtu akifika alikuwa anapigwa picha. Akiondoka, hakuna aliyeandika kitu.

Na mtu kutumwa nyumbani kwa sababu ya karo, hiyo ndiyo ilikuwa kimya kuliko zote. Marafiki zangu wa shule za serikali waliniambia kwao majina yanasomwa paredi, unatoka mstarini watu wote wakikuangalia. Kwetu tulikuwa na adabu. Kiranja angeingia darasani na kikaratasi, amnong'onezee mwalimu, mwalimu aseme, "Unaitwa ofisini, beba begi." Hakuna aliyeuliza. Kesho yake deski iko wazi. Wiki ikiisha tunasema labda ni mgonjwa. Mwezi ukiisha mtu anachukua kile kiti kwa sababu kile chake kimevunjika mguu. Nilikuwa nadhani huo ukimya ni heshima.

Ile picha niliipiga Februari 2020, msimu wa mpira wa vikapu. Deski wangu, wacha nimuite hivyo, alifunga pointi za mwisho na tukashinda majirani zetu ambao hatukuwa tumewashinda tangu tujiunge. Nilibonyeza tu, sikupanga. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Machi, rais akatangaza shule zote zifungwe sababu ya korona. Tukaenda nyumbani tukifikiri ni wiki mbili tatu. Shule zilikuja kufunguliwa kwa wote tarehe 4 Januari 2021.

Mnakumbuka hicho kipindi. Shule kadhaa za kibinafsi hazikufunguka tena, madarasa yakageuzwa maghala na nyumba za kupangisha. Yetu ilifunguka lakini darasa letu lilikuwa limepungua. Shule ilihitaji wanafunzi, na haraka. Wakatafuta picha ya furaha kwa kompyuta ya klabu, wakapata ile yangu. Tulivyorudi, Deski akajikuta getini, urefu wa mita tatu. Tulimcheka wiki nzima. Tulimwita Waziri.

Halafu kalenda ikabanwa ili kufidia mwaka uliopotea. Likizo ilikuwa siku chache, muhula ukawa mfupi, na kila muhula una karo yake. Kwa mzazi ilikuwa kama kulipa nyumba mara mbili kwa mwezi mmoja. Babake Deski alikuwa dereva wa lori na kampuni ilikuwa imempunguza. Sikujua. Tulikaa deski moja na sikujua.

Oktoba 2021, muhula mpya, kidato cha tatu. Siku ya pili au ya tatu hivi, nimetumwa getini kupiga picha ya wageni. Nikamkuta Deski nje, amevaa barakoa, sweta safi, begi limejaa. Soja wetu, mzee fulani mpole, ameshika orodha ya wanaoruhusiwa.

"Kijana yangu, jina lako halipo hapa. Rudi uambie mzazi apige simu ofisini."

Deski hakubishana. Aliinua macho akaangalia bango, akamuuliza mzee, "Na huyo wa juu amelipa?"

Soja akaangalia chini. Mimi nikajifanya narekebisha kamera. Lakini nilikuwa nimeshabonyeza. Kijana mwenye barakoa chini, kijana anayecheka juu, geti limefungwa katikati.

Sasa hapa ndipo mnaweza kunihukumu.

Jumamosi nikiwa nyumbani nilihamisha ile picha kwa simu, nikaiunga na muziki wa huzuni, nikaandika maneno makali kuhusu shule zinazotumia sura za watoto kutafuta pesa huku zikiwafungia nje. Kila neno lilikuwa kweli. Jina lake sikuandika, na niliona hiyo inatosha. Nikaiposti. Nilikuwa na wafuasi mia mbili na kitu. Kufika Jumapili jioni, klipu ilikuwa imetazamwa na maelfu. Watu wasionijua waliniita jasiri. Manze, sitawadanganya, nililala nikitabasamu.

Jumatatu asubuhi Deski akanipigia.

"Ulinichomea."

Nikamwambia nilikuwa nampigania.

"Nilikuomba?" Akanyamaza kidogo. "Mathe ameonyeshwa kanisani. Na watu wa chama. Hatukuwa tumeambia mtu yeyote kama fathe hana kazi. Hata shosh hajui. Sasa wanatuangalia."

Nikafuta ile klipu. Lakini ukishatupa kitu mtandaoni, kufuta ni kama kufagia mchanga ufuoni. Watu walikuwa wameihifadhi na kuitumia kwa magrupu. Deski hakurudi. Wiki iliyofuata alikuwa ameingia shule ya kutwa ya serikali karibu na kwao. Na nitakuwa mkweli: sijui kama angerudi kwetu bila klipu yangu. Labda babake angepata hela, labda wangeelewana na ofisi walipe kidogo kidogo. Mimi ndiye niliyefanya kurudi kuwe kugumu.

Mwalimu mkuu aliniita. Nilitarajia kufukuzwa. Akaniketisha na kunieleza hesabu, kitu ambacho hakuna mtu mzima alikuwa amewahi kunieleza. Shule ya upili ya serikali, kwa makaratasi, hupata Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka kutoka serikalini. Yetu ilipata sifuri. Mshahara wa mwalimu, unga, stima, mafuta ya basi, vyote vilitoka kwa karo ile ile ambayo Deski hakuwa nayo. Wakati shule zilikuwa zimefungwa, walimu wetu walikaa miezi bila mshahara, mmoja aliuza mayai kando ya barabara. "Nikiwaacha wote waingie," akasema, "mwezi ujao hakuna mwalimu wa kuwafundisha."

Nilielewa. Bado ninaelewa. Lakini nikamuuliza, "Sawa Mwalimu, na ile picha?"

Hapo alinyamaza. Akasema mzazi alitia sahihi fomu ya kujiunga, na ndani yake kuna mstari unaosema shule inaweza kutumia picha kwa matangazo. Ni kweli upo, nimekuja kuuona kwa fomu yangu mwenyewe. Uko ukurasa wa mwisho, kati ya orodha ya sare na idadi ya karatasi za chooni.

Bango lilikaa hadi Desemba.

Tangu wakati huo nimesoma kidogo. Kenya tuna sheria ya kulinda data ya watu tangu 2019, na inasema habari za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na zitumiwe kwa njia inayolinda haki na maslahi ya mtoto mwenyewe. Mwaka wa 2023 kamishna wa data alipiga shule moja Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Nilipoona hiyo habari nilishangilia kwanza. Halafu nikakumbuka klipu yangu nikaacha kushangilia. Shule ilitumia sura yake kupata wanafunzi. Mimi niliitumia kupata wafuasi. Angalau shule ilikuwa na fomu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Watu wanadhani shule ina njia mbili tu: kunyamaza, au kuanika. Shule zetu zinachagua kunyamaza, sisi wa simu tunachagua kuanika, na anayehusika hakuna anayemuuliza. Kuna njia ya tatu, na tuliijaribu.

Mapema 2022 nilimwendea mlezi wetu nikiwa na aibu zangu. Tukakubaliana kuweka kona mpya kwa ubao wa habari: Waliokuja na Walioondoka. Masharti yalikuwa mawili. Unaandika mwenyewe, kwa maneno yako. Na usipotaka, haiandikwi. Wa kwanza alikuwa mpishi aliyekuwa anarudi kwao Busia. Wa pili mwalimu wa kemia aliyepata TSC, alituandikia mistari mitano na utani mmoja mbaya sana. Halafu siku moja msichana wa kidato cha pili akaleta karatasi iliyokunjwa. Aliandika: "Nahama Ijumaa. Karo imetulemea na mimi sioni aibu. Wenye vitabu vyangu nirudishieni. Wenye namba yangu msinisahau."

Wasee, hiyo Ijumaa foleni ya chai haikusonga. Watu walikuwa wamesimama pale kwa ubao wakisoma. Vitabu vyote vilirudi, hata kimoja ambacho hakikuwa chake. Mwalimu wa darasa alimsindikiza hadi getini, na yule soja mzee akamfungulia geti lote, lile kubwa la magari. Shule haikuanguka. Mzazi hakuhamisha mtoto eti kwa sababu tumesema ukweli. Na msichana hakuondoka kama mwizi.

Tofauti kati yake na Deski ni ndogo: yeye alishika kalamu mwenyewe.

Kama uko shule sai, na uko klabu ya uanahabari au unashika simu ya mathe wikendi, anza hapo. Muulize mwenyewe. Kama amesema hapana, basi keti naye tu, mpelekee noti za darasani. Na kama ni wewe deski yako itakuwa wazi wiki ijayo, jua si lazima upotee kimya. Aga watu.

Deski tulionana mwaka jana, stejini, wote wawili tunakimbia mvua. Alifanya KCSE yake 2022 kule shule ya kutwa, na sai anajifunza ufundi wa umeme. Niliomba msamaha, vizuri, bila "lakini". Akaniambia alishasahau, na niliona kwa macho kwamba hajasahau. Halafu akauliza, "Bado uko na ile picha? Si ile ya geti. Ile yangu ya mpira."

Nilikuwa nayo, safi, bila maandishi ya shule. Nikamtumia pale pale.

Jioni nikaiona kwa statasi yake. Ameandika chini: "Siku tuliwakanyaga majirani." Hakuna kitu kingine.