Shajara Isiyosahihishwa

Methali za Kiswahili hazikuupa mchezo heshima kubwa. Mchezea tope humrukia, walisema wahenga. Na mchezea zuri, baya humfika. Mtoto hukua akiyasikia hayo, na akifika shuleni huyakuta yamechorwa upya ndani ya daftari lake: pambizo upande wa kushoto, tarehe juu, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula, na hatimaye kalamu nyekundu ya mwalimu. Daftari huwa lake kwa sababu jina lake liko kwenye jalada. Yaliyomo ndani huandikiwa msahihishaji. Aghalabu mazoea hayo humfuata mwanafunzi hadi chuo kikuu, akawa hawezi kuandika sentensi moja bila kuisikia kalamu ile ikikwaruza.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili alifikishwa pabaya na mazoea hayo. Pendekezo lake la utafiti, lililohusu majina ya leso, lilikuwa limerudishwa mara tatu. Maelezo aliyopewa yalikuwa ya haki: mada ilikuwa pana na swali la utafiti halikuonekana. Hata hivyo, baada ya mara ya tatu aliacha kuandika. Kila asubuhi aliketi mbele ya karatasi, akaandika neno, akalifuta. Muhula ukapita. Fedha alizochangiwa na nduguze zilikaribia kwisha, naye akaanza kuwaza kurudi kufundisha na kuiacha shahada ipotelee mbali.

Kilichomtoa hapo hakikuwa kitabu cha nadharia bali shajara ya sanaa aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe bwenini. Kazi hiyo haikuhitaji mali. Alipata masalio ya karatasi kutoka kwa mchapishaji mdogo wa mjini, akazikunja nne nne, akazitoboa kwa msharasi wa fundi viatu, akazishona mkunjo baada ya mkunjo kwa uzi uliopakwa nta. Jalada lilitokana na katoni. Gundi aliipika mwenyewe: unga wa ngano na maji, ukakorogwa motoni mpaka ukawa kama uji mzito. Kisha akaanza kubandika: tiketi za basi, karatasi ya pakiti ya majani ya chai, vipande vya magazeti, maua makavu ya mjakaranda. Juu yake akapaka rangi ya maji, juu ya rangi akaandika, na juu ya maandishi akapaka tena.

Nyenzo zenyewe zilimfunza. Gundi yenye maji mengi iliikunjamanisha karatasi. Wino ulitambaa ulipokutana na rangi mbichi, ukafanya mizizi ambayo mkono wake usingeweza kuichora. Karatasi ya gazeti, kwa kuwa hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, ilianza kugeuka manjano karibu na dirisha. Kurasa zilivimba hata shajara ikakataa kufungika, akajifunza kukata karatasi moja baada ya kadhaa, akiacha kipande chembamba kwenye mshono ili nyingine zipate nafasi. Hakuna hata moja katika hayo lililohesabika kuwa kosa. Lililoharibika lilifunikwa kwa tabaka jingine, na mara nyingi tabaka la chini lilichungulia na kuupa ukurasa uzuri ambao haukutarajiwa. Tope lilimrukia kweli, wala halikumdhuru.

Mchezo wa namna hii una historia yake jijini Nairobi. Dan Eldon, aliyezaliwa London mwaka wa 1970 na kuletwa Kenya na wazazi wake mwaka wa 1977, alianza kujaza shajara zake tangu ujana. Aliacha vitabu 17 vyenye majalada meusi, vilivyofura kwa picha alizopiga, ramani, rangi, michoro, vipande vya magazeti na maandishi yaliyopishana. Baadaye alikuwa mpigapicha wa shirika la habari la Reuters nchini Somalia. Tarehe 12 Julai 1993, mjini Mogadishu, helikopta za Marekani ziliishambulia nyumba walimokutana wazee na viongozi wa Kisomali. Umati uliojaa hasira uliwaua wanahabari wanne waliokwenda kupiga picha za maafa hayo: Eldon, aliyekuwa na umri wa miaka 22, Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia, na Mjerumani Hansi Krauss. Haifai kumtaja wa kwanza na kuwasahau wenzake. Mwaka wa 1997 baadhi ya kurasa za Eldon zilichapishwa katika kitabu The Journey Is the Destination. Anayezitazama haoni kazi ya mtu aliyehofia kupewa alama. Huona mkono uliofikiri kwa kubandika, kukwaruza na kurudia.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya wageni wenye nafasi. Hasha. Vazi ambalo mwanafunzi yule alikuwa akilitafiti lilizaliwa kwa njia iyo hiyo. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijatenganishwa katika jora. Walichukua sita, vitatu juu na vitatu chini, wakavishona pamoja, wakapata shuka moja yenye sura mpya. Neno leso lenyewe lina asili ya Kireno, na maana yake ni kitambaa hicho cha mkononi. Baadaye vikaja vitambaa vilivyochapishwa kikamilifu, vyenye pindo, mji na jina. Na jina hilo liliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Picha, rangi na neno vilikaa pamoja katika nguo ya Mswahili zamani kabla wahakiki hawajabuni istilahi ya sanaa ya nyenzo mseto.

Siku moja mwanafunzi yule alikata ukanda kutoka katika leso iliyochakaa, ukiwa na jina lake: WEMA HAUOZI. Aliubandika bila mpango, na kwa kuwa ulikuwa mrefu kuliko ukurasa, akaupinda ukingoni na kuumalizia upande wa pili. Gundi ilipokauka, upande wa kwanza ulisomeka WEMA HAU, na ule wa pili OZI. Ilimlazimu mtu kufunua karatasi ndipo apate maana. Alicheka, kisha akanyamaza. Aliwakumbuka wanawake wa kwao waliojifunga leso, na jina likakaa mara nyingi upande wa nyuma, mahali ambapo mvaaji mwenyewe haoni. Mwenye kusema hayasomi maneno yake. Husomwa na anayefuata nyuma, jirani aliyebaki mlangoni, mke mwenza aliyepishana naye njiani. Jambo hilo alilijua tangu utotoni, ila hakuwahi kuliuliza. Sasa lilikuwa swali: je, mahali jina linapokaa mwilini hubadilisha vipi maana yake na yule anayelengwa?

Hilo ndilo swali lililokosekana mara tatu. Shajara haikumwandikia pendekezo. Aliliandika kwa jasho, likarudishwa mara ya nne likiwa na wino mwekundu tele, na likapita mara ya tano. Tofauti ni kwamba safari hii wino ule haukumnyamazisha. Alikuwa amejifunza mahali pengine kwamba ukurasa unaweza kuharibika na bado ukafaa.

Kalamu nyekundu ina kazi yake, na taaluma bila usahihisho ni porojo. Lakini fikra huanza zikiwa changa na chafu, na zikipimwa kabla ya kutambaa hufa. Ndiyo maana msomi anahitaji madaftari mawili: moja la mtahini, na jingine ambalo mtahini halioni.

Mmoja wa wahadhiri, aliposikia habari za shajara hiyo, alipendekeza iambatishwe mwishoni mwa tasnifu, kwani ilikuwa ushahidi mzuri wa jinsi wazo lilivyozaliwa. Lilikuwa pendekezo la heshima, na mwanafunzi alilifikiria kwa siku kadhaa kabla ya kujibu.

"Ahsante, Mwalimu," alisema, "lakini nikijua itasomwa, sitaweza kuiendeleza."

Mhadhiri hakumshurutisha. Tasnifu iliwasilishwa bila kiambatisho hicho, na shajara bado haijajaa.