Nyumba Iliyopewa Kazi ya Pili

Nyumba ni kama mtu: ikikosa kazi huzeeka upesi. Twataka kuwaeleza habari za nyumba mbili za Tabora, kisha tuwaulize neno juu ya nyumba ya tatu, iliyo kwetu Ulyankulu.

Ya kwanza iko Kwihara, nje kidogo ya mji. Ni tembe, yaani nyumba ya kuta nene za udongo, na paa lake ni bapa, limefunikwa udongo juu ya miti. Vyumba vyauzunguka ua, na mlango umenakshiwa kwa namna ya pwani. Wafanya biashara Waarabu walijenga matembe kama hayo zamani za misafara, wakati pembe za ndovu na watumwa walipopelekwa Bagamoyo. Humo alikaa Dakta David Livingstone, Mskoti wa Blantyre, aliyefika pamoja na Stanley mwezi wa Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi. Livingstone akangoja wapagazi hata Agosti. Ajabu ni hii, kwamba mtu aliyeuchukia utumwa alipata kivuli katika nyumba ya njia ile ile ya watumwa. Mwaka 1873 Susi na Chuma na wenzao walifika tena Kwihara, wakiuchukua mwili wake. Cameron, Mwingereza waliyemkuta pale, aliwashauri wauzike papo hapo. Wao walikataa, wakaendelea na mzigo wao hata pwani. Leo tembe hiyo ni nyumba ya makumbusho.

Ya pili iko mjini. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Stanley alitembea miezi mitatu toka Bagamoyo mpaka Tabora mwaka 1871. Gari la moshi likaifanya safari ya namna hiyo kuwa ya siku chache tu. Wenyeji husimulia kwamba nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1914 na Mjerumani mmoja mwenye cheo, iwe mahali pa kufikia akienda kuwinda. Ikiwa ni hivyo, hakuifaidi sana, maana Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji. Zamani za Waingereza ikawa hoteli ya reli, na abiria wakakaa katika baraza zake. Siku hizi yaitwa Orion Tabora Hotel. Hata Uskoti, nchi ya Livingstone, majumba mengi ya mabwana wenye mashamba yamekuwa hoteli, kwa kuwa wenyewe walishindwa na gharama za kuyatunza. Yaliyofungwa tu, mvua imeyala.

Wako wenzetu wasemao, "Hizo ni nyumba za wageni waliotutawala, zikianguka, tumepoteza nini?" Neno hili si la kudharauliwa, kwa maana uchungu wake ni wa kweli. Lakini twauliza: ni nani aliyeukanyaga udongo wa matembe? Ni nani aliyelaza mataruma ya reli? Ni Waafrika, na Wanyamwezi wengi walikuwamo. Majina yao hayakuandikwa mlangoni. Ukuta ukianguka, ushahidi wa kazi yao umeanguka nao, na mtoto atafundishwa habari za bwana peke yake.

Sasa twaja kwa nyumba ya tatu. Kijijini kwetu iko nyumba kuukuu ya mwalimu, ya matofali ya udongo yaliyochomwa, ambayo wazazi wetu waliyachukua kichwani toka mtoni. Paa lavuja, wala hakuna akaaye ndani. Katika baraza la kanisa wengine wametaka ibomolewe, matofali yake yajenge vyoo vya shule. Vyoo twavihitaji kweli; hatuwezi kumwambia mtoto angoje kwa ajili ya historia. Walakini tumehesabu, tukaona kwamba mabati 20 na siku chache za kazi zatosha kuifanya nyumba ya wageni: muuguzi apitaye, mhubiri, mzazi aliyemleta mtoto mgonjwa toka mbali. Wageni hao hulala leo juu ya mabenchi ya darasa. Malipo madogo ya wenye uwezo yangesaidia kununua saruji ya vyoo. Asiye na kitu asidaiwe.

Baraza litakaa tena baada ya mavuno. Tumeambiwa tulete si maneno tu, bali na orodha ya watakaotoa bati au siku ya kazi. Mpaka leo orodha ina majina kumi na moja. La kwanza ni la bibi kizee mmoja, ambaye utotoni alichukua matofali yale. Bati hana, ameahidi kuku wawili.